Saa Moja na Dakika Nne

Siquijor, Jumapili

Mume wangu Crisanto,

Huku hatujambo, na nguruwe amezaa. Cebu kazi inaendaje?

Nakuomba radhi. Ile video ya harusi uliyokwenda kuituma dukani kwa Bi Liwayway ilikuwa megabaiti 9,600, na mtandao wake ni megabiti 20 kwa sekunde. Niligawanya, nikapata dakika nane, nikakutukana mbele ya mama yako.

Jana fundi wa mtandao alinicheka: “Dada wee, umemwonea bure! Baiti moja ni biti nane. Zidisha jibu lako kwa nane!”

Nimezidisha. Ni saa moja na dakika nne.

Lakini wewe ulirudi baada ya saa tatu nzima, unanukia mkate wake wa bibingka. Zilizobaki nizigawanye kwa ngapi?

Mkeo, mpaka utakaponijibu,
Milagring