Mtungi Nimeuacha Mlangoni

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, manyunyu.

Baba watoto, soma hii pamoja na wanao.

Nyama iko kwenye friji. Mtungi wa gesi uko pale pale mlangoni; nimeuacha makusudi. Nilipouinua leo mgongo ulinikamata, nikakaa sakafuni nikalia. Wewe ukaniuliza, "Nani amefariki?" Mkubwa akacheka: "Kumbe Mama Chuma ana machozi!" Hakuna aliyefariki. Niliumia. Hata chuma hushika kutu, sembuse mtu. Mama yangu alinifundisha kubeba. Kusema "nimechoka" najifundisha mwenyewe.

~~Nitarudi mapema nipike.~~ Fungeni mtungi kwenye jiko, mpike. Nimekwenda kwa dada yangu anikande.

Nilipokuwa nalia, wewe ulirudi kwenye chai yako. Mkubwa alikwenda kuoga. Mdogo alikaa nami sakafuni. Leo asioshe vyombo.

Mama