Baba, Sikugeuza Uso Tena

Chumba namba 7,
Hosteli ya Wanafunzi wa Uuguzi,
Ujerumani.
2 Novemba 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kwanza nakujulia hali wewe na mama. Mkono wa kulia umeanza kushika kikombe? Mvua imefika hapo Nyanungu, au mtama bado unaangalia mawingu? Na yule beberu mkorofi bado anamsumbua mama? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inang'ata masikio, ila nimenunua kofia kubwa, na nikiivaa nafanana na mlinzi wa ghala.

Barua hii nimeomba akusomee Mwalimu Deus, mwenzako wa rika, badala ya dada Boke, kwa sababu mengine yaliyomo si ya binti kumsomea baba yake. Mwalimu, shikamoo. Tafadhali usiruke mstari hata mmoja.

Baba, mwezi uliopita kwenye simu uliniambia maneno mawili tu, "Rudi nyumbani," kisha ukamrudishia mama simu. Mama ndiye aliyemalizia. Kwamba habari zimeenea kijijini kuwa Nyamhanga anaogesha wanaume wenye umri wa baba yake, na kwamba nisipoiacha kazi hiyo nisikanyage boma lako. Na kwamba umesema kanisa ndilo limenifundisha kukosa heshima. Iliniuma sana. Lakini sipendi uendelee kusikia nusu nusu kwa watu wakati mwenye habari yupo.

Habari ni kweli. Ninasomea kuuguza wazee, na kuuguza ni pamoja na kuwalisha, kuwageuza kitandani na kuwaogesha. Nilipoaga nilikuambia ni uuguzi. Hilo la kuogesha nililimeza, maana nililiogopa hata mimi. Nisamehe kwa kukuficha.

Mwanzoni nilijaribu kufanya kazi hii kwa desturi yetu, kwamba mtoto hauoni uchi wa baba yake wala wa rika la baba yake. Nilipewa mzee mmoja, Bwana Ziegler, zamani alikuwa fundi wa kujenga nyumba, amepooza upande mmoja kama wewe. Nikajidanganya kwamba huyu ni babu yangu, maana mjukuu na babu hutaniana na hawafichani kitu. Halafu nikaona kwenye karatasi zake kwamba alizaliwa mwaka mmoja na wewe. Basi. Wiki tatu nzima nilimwogesha uso nimeugeuzia ukutani, mkono ukijitafutia njia. Siku moja mkono ulikosea, akateleza kwenye kiti cha kuogea, akachubuka kiwiko. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kijana, nanuka?"

Msimamizi wangu, mama mmoja anaitwa Karin, aliniita ofisini. Nikajitetea kwa Biblia. Nilimsimulia wana wa Nuhu, Shemu na Yafethi, waliotembea kinyumenyume ili wasiuone uchi wa baba yao, wakabarikiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hao walibeba nguo ya kumfunika. Wewe umebeba sabuni." Akanipa mpaka mwisho wa mwezi nibadilike au niache masomo.

Jumapili hiyo nilikwenda kanisani. Huwa tuko watu kumi na mmoja, na mwenye nywele nyeusi ni mimi peke yangu. Niliomba kwa Kikurya, maana Kijerumani changu bado hakijafika mbinguni. Sikusikia sauti wala sikuona maono. Nilitoka tu nikiwa nimeamua.

Kesho yake nilimwomba Bwana Ziegler msamaha, nikamwogesha nikimtazama. Baba, ile aibu niliyoiogopa sikuiona. Nilichoona ni ngozi nyekundu chini ya mgongo, upana wa kifuniko cha soda. Nilipoibonyeza, wekundu haukupotea. Huo ni mwanzo wa kidonda cha kulala, na kikiachwa hula nyama mpaka mfupani. Kilikuwa kinaanza huku mimi naheshimu ukuta. Tulikiwahi, sasa amepona, na siku hizi ananifundisha matusi ya mafundi ambayo siwezi kuyaandika humu.

Kwa hiyo sirudi, Baba. Nimebakiza miaka miwili, na nitaimaliza. Hata ungekuwa mbele yangu ningekuamkia kwa adabu zote, kisha ningekataa. Ukaidi huu sikuuokota njiani, nimeurithi kwa mtu unayemfahamu.

Kinachoninyima raha ni wewe. Mama anasema nyonga yako inawaka moto na humruhusu mtu aitazame. Yeye peke yake hawezi kukugeuza, mgongo wake umekwisha. Watoto wako tumefundishwa kukaa mbali na kitanda chako, na hilo tunaliita heshima. Mwalimu Deus, hapa sasa nasema na wewe. Mlitahiriwa msimu mmoja, kati yenu hakuna aibu. Nakuomba uende kwake kila siku, umgeuze, umtazame nyonga na chini ya mgongo. Ukikuta wekundu usiopotea ukibonyeza, mwite nesi wa zahanati siku hiyohiyo. Akifoka, mwache afoke. Anayefoka bado ana nguvu.

Mwambie mama ndoo za maji asinyanyue tena. Nisalimie dada Boke na wanawe, na shangazi Tabitha, ambaye najua ananiombea kwa sauti mpaka majirani wanalalamika. Mungu akulinde, Baba, akupe usingizi usio na maumivu, na kundi lako lijae.

Likizo yangu inaanza tarehe 13 Desemba na tiketi ninayo. Ukitaka nisimame nje ya boma, nitasimama, hata siku tatu, na sitabishana na mtu. Lakini siku utakayonifungulia, mama ataketi apumzike. Maji nitachemsha mimi. Na nitakuogesha mimi, Baba, nikikutazama.

Mwanao anayekupenda kuliko anavyokuogopa,

Nyamhanga
(kanisani, Godwin)