Chumba cha Vitanda Vinne

Jumanne, Uriri. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Natoka jasho, na sijui kama ni joto au ni hasira.

Nimekaa mbele ya cherehani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ambacho ndicho duka langu, lakini sishoni. Kuna sare tatu za shule zinazongoja vifungo. Zitangoja tu.

Wifi yangu Awuor, dada ya mume wangu, ni muuguzi ng'ambo, na mwaka huu ameamua kumpeleka mama yake baharini pamoja na sisi sote. Meli ya kitalii, siku tano, kutoka Mombasa: mama mkwe, wanawe wa kiume watatu, wake zao na watoto. Mimi, ambaye safari yangu kubwa ya majini ilikuwa ziwani pale Karungu, ndani ya mtumbwi na macho nimefumba, niliposikia habari hiyo niliruka kama msichana. Nikamshika mwanangu Omondi mikono tukacheza sebuleni. Ana mwaka mmoja na nusu, hakujua tunacheza nini.

Halafu nikaanza kusoma habari za vyumba.

Tangu nimalize shule sijasoma kitu kwa bidii kama nilivyosoma ramani ya ile meli kwa simu. Nimejifunza kwamba chumba cha ndani hakina dirisha, na taa ikizimwa huoni hata kiganja chako. Chenye roshani kinapendeza kwenye picha, lakini si cha mtoto anayepanda kila kiti anachokiona. Kilicho chini ya ukumbi wa muziki, sahau mtoto kulala. Nikachukua chaki yangu ya kushonea nikachora vyumba sakafuni, kwa vipimo vyao kabisa, kisha nikakiburuta kitanda cha Omondi ndani ya kila kimoja. Kwenye vyumba vya watu wawili, kitanda cha mtoto kikiingia, mlango wa choo haufunguki. Chumba kilichotutosha sisi wanne ni kile cha vitanda vinne, chenye dirisha lisilofunguka. Kilikuwa kimebaki kimoja tu.

Nikaandika hayo yote kwenye kundi la familia, vizuri, kwa heshima. Hakuna aliyejibu. Walikuwa na mjadala wao.

Mjadala wenyewe ulikuwa huu. Mimi ni Mkuria, nimezaliwa upande wa Kehancha, nikaolewa kwa Wajaluo, na kwao mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa. Sasa meli ni paa moja au si paa moja? Siku tatu nzima watu wazima walibishana. Mwishowe wakakubaliana kwamba meli ni kijiji na kila mlango ni nyumba yake. Nikacheka, nikaona yameisha.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Kila mlango ukishakuwa nyumba, basi nyumba lazima zipangwe kama bomani: kifungua mimba kwanza, wa pili anafuata, kitinda mimba anachukua kilichobaki. Na mume wangu Okoth ndiye kitinda mimba.

Jana orodha ikaja. Chumba cha vitanda vinne amepewa shemeji yangu Ochieng, mkubwa wao, na mkewe. Watu wawili! Watoto wao wana ndevu na hata hawasafiri. Okoth amepangwa na binti yetu Robi ghorofa ya tatu, chumba cha ndani, karibu na injini. Mimi na Omondi tuko ghorofa ya nane.

Ghorofa tano kati yangu na Robi.

Robi ana miaka minne. Akiamka na asinione, halii. Anashuka kitandani na kuanza kunitafuta. Mwezi uliopita alisukuma kigoda hadi mlangoni, akafungua komeo, na alfajiri tukamkuta kwenye kisima cha jirani akiniita. Kisima hakina kifuniko. Baba yake alikuwa amelala chumba kile kile na hakusikia kitu, maana Okoth akilala unaweza kusaga mahindi kando ya sikio lake. Ndiye huyo aliyepewa mtoto wangu, kwenye meli yenye milango mia na bahari kila upande.

Nilimwonyesha orodha. Akaisoma, akanirudishia simu, akasema, "Tutazoea tu." Halafu akaenda kumnywesha ndama.

Sikulala vizuri. Asubuhi nimefunga duka, nimempeleka Robi kwa jirani, nimemfunga Omondi mgongoni, nikaenda Homa Bay nyumbani kwa Ochieng. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri sana, yenye adabu, na nilipofika yote yalinitoka kichwani.

Nilimfokea shemeji yangu. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa umri wa baba yangu mdogo, nilimfokea mbele ya mkewe kabla hata sijakaa. Nilimwambia kama ukubwa ni kumtenganisha mtoto na mama yake, basi ukubwa wake abaki nao. Nikamwambia baharini hakuna boma. Mkewe alisimama na birika mkononi, hajui amimine au aondoke. Omondi akaanza kulia.

Ochieng aliningoja hadi nikaishiwa pumzi.

"Nyar Kuria, kaa kwanza," akasema. Ndivyo wanavyoniita, binti wa Kuria. "Hiyo chumba mimi sikuomba. Nani amekuambia niliomba?"

"Si ni wewe mkubwa?"

"Mkubwa ni mimi, lakini sikuomba. Ngoja nikuonyeshe."

Akatafuta miwani, akatafuta simu, akanipa. Ujumbe ulikuwa wa Okoth, wa wiki iliyopita. Niliusoma mara kadhaa pale pale, nimeushika kwa moyo: "Kaka, wewe ndiye mkubwa, chukua kile kikubwa. Sisi na watoto tutabanana popote, usijali."

Usijali.

Kumbe Ochieng alikuwa amechagua chumba kidogo karibu na lifti, kwa sababu mkewe anaumwa magoti. Ule ujumbe ulipoingia, aliona kukataa kungekuwa kumdharau mdogo wake, akabadilisha. "Nilidhani mmeongea nyumbani," akasema. Nikataka sakafu inimeze. Nikaomba radhi, nikaomba tena, na mkewe akamimina chai hatimaye akasema, "Nyar Kuria, kunywa. Hata mimi ningepiga kelele."

Najua Okoth alikotoa hayo. Miaka sita iliyopita alijenga nyumba yetu kabla kaka yake hajatoka kwenye boma la baba yao, na kwao mdogo hamtangulii mkubwa kujenga. Wazee walisema, shangazi zake wakasema zaidi. Ochieng mwenyewe alishasahau, lakini Okoth mpaka leo analipa. Anamwachia kaka yake kiti, nyama, zamu ya kuongea. Nimekuwa nikitazama na kunyamaza, kwa sababu kiti ni kiti tu. Lakini Robi si kiti! Huwezi kuchukua usalama wa mtoto ukaufanya zawadi ya kuombea msamaha, tena bila kumwuliza aliyemzaa.

Na yote haya wakati mimi natambaa sakafuni na chaki. Alinikuta nimepiga magoti, akaruka mistari yangu asiikanyage, akaniuliza chakula kiko wapi. Ujumbe alikuwa ameshautuma.

Ochieng alinisindikiza hadi ofisi ya Salim, Mswahili wa Mombasa mwenye duka la tiketi pale mjini, ndiye anayetushughulikia safari. Shemeji akasema mbele yake kwamba anarudi kwenye chumba cha karibu na lifti, kile cha ghorofa ya nane nilichokuwa nimepangiwa mimi na Omondi, na kile cha vitanda vinne ni changu. Akatia sahihi, akaenda zake sokoni kununua samaki. Salim akaandika: mimi, Robi na Omondi, kila mmoja na kitanda chake.

"Na bwana yako, mamangu, nimtie humu humu?" akauliza. "Vitanda vinne, mwaenea."

"Tunaenea," nikasema. "Lakini mwache pale pale alipo."

"Ghorofa ya tatu? Peke yake? Ndani kule?"

"Peke yake."

Akaandika. Ila aliniambia kwamba majina yanaweza kubadilishwa mpaka Ijumaa. Nilipofika mlangoni akanifuata kunikumbusha tena: mpaka Ijumaa, mamangu.

Nimerudi nyumbani jioni hii. Nimemwambia Okoth kila kitu, pamoja na kumfokea kaka yake, pamoja na ujumbe nilioonyeshwa. Nilingoja. Nilitaka akasirike, au ajitetee, au aseme tu kwamba alikosea. Alimbeba Robi, akamwangalia muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo nyinyi watatu mko pamoja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa," akamshusha, akatoka. Namsikia nyuma ya nyumba akiongea na ndama.

Akiwa na ndama, anaongea! Miaka saba ya ndoa, mnyama huyo ameambiwa mengi kuliko mimi.

Nimeogopa kitu kimoja tangu nilipotoka kwa Salim, nacho ni kwamba nimeufurahia ule wino ukiandika jina lake ghorofa ya tatu. Sitaki kujisingizia wema. Watoto wangu wako salama na ningeweza kuishia hapo, lakini sikuishia hapo. Je, nimefanya haki au nimelipiza? Ukiniuliza leo, nitasema haki, na nitaisema kwa sauti.

Sihitaji maneno mengi kutoka kwake. Sihitaji hata aniombe radhi kwa magoti. Nataka aingie kwa mlango huu, akae kwenye hicho kiti cha wateja, na aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, anataka kulala wapi na nani.

Kitanda cha nne kiko wazi. Ana mpaka Ijumaa.