Fremu ya mazoezi yenye komeo

Wewe, nimetoka kufunguliwa na mama mkwe sasa hivi. Kufunguliwa, kama kuku.

Unakumbuka ile fremu ya kunyanyulia vyuma niliyoiona dukani, bei ikanitoa jasho kabla ya mazoezi? Nikampa kazi yule fundi wa mageti. Nilimwambia nguzo nne tu, ziwe imara.

Kaniletea nguzo nne, nondo pande zote, maua juu, na mlango. Mlango, ndugu yangu. Una komeo kwa nje. Namuuliza wa nini, ananijibu, "Bosi, wezi wengi siku hizi."

Leo nikaingia kuijaribu, nikauvuta mlango nyuma yangu. Nilivyorudisha chuma kwa kishindo, komeo likajifunga. Nondo zimebanana, mkono haupiti. Simu iko kitandani, mke yuko kazini, mimi nina kaptura tu.

Saa nzima nimo humo, ndipo mama mkwe akaingia kutusalimia. Hakushangaa hata kidogo. Akafungua komeo, akalifunga tena, akalitikisa.

"Mkwe, huyu fundi anapatikana wapi? Mzee wangu hatulii nyumbani."

Namba nimempa nikiwa bado ndani.