Vikombe Vyenye Rangi ya Kucha

Jumanne, tarehe 10 Juni. Ukungu umefunika mabonde yote tangu alfajiri. Manyunyu mepesi, baridi ya sweta mbili.

Chai imekomaa na hakuna aliyekuja kuichuma. Kufikia Alhamisi majani yatakuwa magumu na karani wa kituo cha kununulia atayakataa. Lakini si majani yanayoninyima raha leo. Ni Kerubo.

Kerubo amenichumia chai miaka sita. Tunasali kanisa moja. Jana saa saba mchana aliweka kikapu chini akaondoka, na mwenzake Nyaboke akamfuata.

Niandike jinsi ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Hapa kwangu wachumaji hula kwenye kibaraza cha ghala, sisi tunakula mezani. Ndivyo nilivyomkuta mama mkwe akifanya. Vikombe vyao nilivitia alama mimi mwenyewe, tone la rangi nyekundu ya kucha chini ya kishikio, visichanganyike na vyetu. Huo niliuita utaratibu. Jana Nyaboke, ambaye bado ni mgeni, aliingia jikoni akachukua kikombe kisicho na alama. Nilikitoa mkononi mwake.

"Hicho si chenu," nikasema.

Kerubo akacheka, kicheko kikavu.

"Mama Moraa, Sabato ya juzi ulinitawadha miguu. Ukaipangusa kwa taulo mpaka katikati ya vidole. Miguu yangu hukuiogopa. Ni mdomo wangu ndio mchafu?"

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, wanawake hutawadhana miguu wawili wawili. Siku ile nilipiga magoti mbele ya beseni lake nikajiona mnyenyekevu kweli. Nilirudi nyumbani nikijisifu kimoyomoyo.

Kinachoniaibisha zaidi ni daftari la Moraa. Binti yangu anasoma sosholojia chuo kikuu, na likizo iliyopita aliacha nyumbani daftari lake la matabaka na migogoro. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini nimelisoma lote, penseli mkononi. Kuna nadharia inayosema jamii imegawanyika kati ya wenye mali na wale wanaowauzia nguvu zao. Pembeni nilichora safu mbili, nikajaza watu ninaowajua hapa Nyaramba. Kiwanda cha chai nikakiweka upande wa wenye mali. Jina langu nikaliandika, bila kusita, upande wa wanyonge. Si kiwanda ndicho kinachopima majani yangu na kuyakataa?

Kerubo sikumwandika popote.

Miaka sita, na hata kwenye karatasi sikumwona.

Leo asubuhi nimelifungua tena. Nadharia nyingine inasema tabaka si mali tu. Ni heshima pia, nani anakaa na nani, nani anakula na nani. Mimi nina ekari moja na nusu, Kerubo ana kipande kidogo, na Sabato viatu vyetu vinafanana. Tofauti iliyobaki niliipaka mwenyewe, kwa brashi ndogo ya kucha.

Mahali fulani Moraa ameandika kwamba mgogoro si lazima uwe ugonjwa; mara nyingine ndiyo njia ya jamii kujirekebisha. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipita mbio. Mchana nilivaa buti nikateremka hadi kwa Kerubo.

Nilimkuta akipalilia mboga. Hakusimama.

"Umenifuata kwa sababu majani yanakomaa," akasema.

"Majani pia," nikakubali. "Lakini nimekuja kuomba msamaha. Nilikukosea."

"Ulinikosea mara moja?"

"Miaka sita."

Hapo akainua kichwa. "Haya. Sasa tunaongea."

Akaniambia ambayo sikuwahi kuuliza. Kwamba mvua ikinyesha wanakula wamesimama, kwa kuwa kibaraza kinavuja. Kwamba Nyaboke alilia njia nzima. Kikombe kipya hakitamrudisha yeye mwenyewe kazini, akasema. Anataka wale mezani, na anataka mambo ya kazi tuyazungumze tukiwa tumekaa, si mimi kuwatangazia shambani.

"Na mama mkwe wako akinuna?"

"Atanuna."

Akacheka, safari hii vizuri. "Basi nitakaa karibu naye, anizoee haraka."

Atakuja kesho saa moja. Nyaboke hajakubali bado. Kwake nitakwenda mwenyewe kabla ya saa hiyo, maana ndiye niliyemnyang'anya.

Mama mkwe nimemweleza baada ya chakula cha jioni. Aliangalia dirisha, kisha akauliza kama Kerubo anapenda ugali wa wimbi au wa mahindi.

Nimemjibu kwamba sijui, tutamuuliza kesho.

Saa tatu na robo. Nalala.