Kaburi la Baba Kwenye Rada

Maparoni, Jumanne

Kaka Gharibu,

Asalamu alaykum. Huku wazima, na mpunga umekubali mwaka huu. Ule msikiti wa kale mto umeshaula ukuta wa kaskazini, ndiyo maana walikuja watafiti kutoka Dar kuupima kabla haujaondoka wote. Walipiga picha kila jiwe, wakaujenga upya ndani ya kompyuta. Mihrabu unaiona nzima. Kisha wakasukuma rada, kama kitoroli, inayoonyesha kilichomo ardhini bila kuchimba.

Walipita na makaburini. Mtafiti mmoja, Zamda, akaniita pembeni. "Makaburi yote yana shimo chini, isipokuwa hili. Hapa hapajawahi kuchimbwa."

Lilikuwa la baba.

Nilikaa siku mbili nikishindwa kumwambia mama, maana kila Ijumaa huenda pale kusoma Yasini. Jana nikamwambia. Hakuacha kupepeta mchele.

"Baba yenu alizama akikata mikoko, hatukumpata. Gharibu akawa anashinda dikoni, inapotia nanga mitumbwi, akimngoja, chakula hataki. Nikawapeleka Ikwiriri kwa shangazi yenu, huku nyuma mjomba akatengeneza tuta. Mliporudi nikawaambia kapatikana, kazikwa."

Nikamuuliza kama nikuandikie. Akasema, "Mwandikie. Mwambie nilitaka ale."

Leo asubuhi Zamda alikuja kuuliza aandike nini pale kwenye ramani yao. Mama akamtajia jina la baba, akasimama mpaka likaandikwa.

Mdogo wako,
Mwanawetu