Gari la Umeme na Safari ya Lira

Jumatatu, 3 Machi
Nimechomeka gari kabla ya chai, kama kila siku. Kutoka nyumbani Mengo hadi ofisini na kurudi, betri imebaki tele. Kituo cha mafuta nakipita tu. Majirani walioliita friji ya magurudumu wamenyamaza. Raha tupu.

Jumanne, 4 Machi
Simu kutoka Lira, kwao Baba, mbali kaskazini. Shangazi Akello ni mahututi. Ndiye dada mkubwa wa Baba, aliyemlea. Hawezi tena kusema kwenye simu. Kila mlango ukifunguliwa anageuza macho kuona kama ni Baba.
Baba akabeba mfuko wake. "Mimi napanda basi sasa hivi."
Nikamzuia. Afisa mstaafu wa polisi afike kwao kwa basi, na mwanawe ana gari jipya? Nimemwambia tutaondoka kesho alfajiri. Ameweka mfuko chini.

Jumatano, 5 Machi
Umeme ulikatika jana jioni. Umerudi leo mchana, na betri haikutosha safari. Chaji ya nyumbani ni ya konokono. Baba ameshinda sebuleni, koti limefungwa vifungo vyote. Naona aibu kupita mbele yake.

Alhamisi, 6 Machi
Tumetoka na betri imejaa. Mwendo wa pole, malori yakitupita. Tulipofika Kiryandongo, bado njiani, chaji ikawa ya mashaka. Hoteli ya kwanza, soketi ilianza kunuka moto, wakatufukuza. Fundi wa kuchomelea vyuma akatupokea, tukachomeka kwake. Tukangoja.
Basi la Lira likapita. Baba akasimama. Nikamwambia bado kidogo tu, tutafika na gari letu. Akakaa.
Kisha simu yake ikalia. Akasikiliza. "Amekwenda," akasema.
Hata baada ya hapo tuliendelea kungoja chaji. Sitasahau.

Jumamosi, 8 Machi
Tumemzika. Binti yake anasema alitazama mlango mpaka mwisho. Vijana walilizunguka gari, wakapiga nalo picha. Nilitamani ardhi ilimeze.

Jumapili, 16 Machi
Kampala. Gari linakwenda vizuri. Kazini, sokoni, shuleni kwa watoto, halina shida yoyote. Kosa si lake. Nilitaka kuonekana.
Leo nimempeleka Baba kanisani. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akaniambia asante, kama kwa dereva wa teksi. Tangu nijue kuendesha nampeleka huku na huko, na hakuwahi kunishukuru. Alikuwa anapanda tu, gari la mwanawe.
Nilijibu, "Karibu." Nikaenda kutafuta pa kuegesha.